Jukwaa Si Baraza la Usuluhishi

Septemba 22, 2021, juu ya paa la Pier 17, jengo lililo ukingoni mwa mto East River jijini New York, mashabiki walisimama kuwasubiri watu watatu ambao hawakuwa wamepanda jukwaa moja kwa takriban miaka 15. Muda uliotangazwa ulipita, zikapita na saa nyingine juu yake. Lauryn Hill, Wyclef Jean na Pras Michel walipojitokeza hatimaye, kelele zilizowapokea zilikuwa za watu waliokwisha kusamehe. Fugees wamerudi. Hilo lilikuwa onyesho la kufungua ziara ya kuadhimisha miaka 25 ya albamu yao, The Score. Miji ilikuwa imetangazwa: Chicago, Los Angeles, London, Paris. Afrika nayo ilikumbukwa, maana Nigeria na Ghana zilikuwamo kwenye orodha.

Ziara ile haikwenda popote. Iliahirishwa kwanza, kisha Januari 2022 ikafutwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ugumu wa kusafiri na kufanya maonyesho wakati wa Uviko. Usiku mmoja wa New York ndio uliobaki.

Nimeichagua habari ya kundi hili kwa sababu msimu wa kurudi umefika na kwetu pia. Makundi ya bongo fleva yaliyotamba tulipokuwa tukinunua kaseti yanaitana tena. Bendi za dansi zilizogawanyika zinaombwa zishike vyombo pamoja usiku mmoja, na mapromota wanajua kwamba mtu mwenye miaka 45 na kazi ya mshahara atalipa kiingilio kikubwa kuliko kijana ili asikie nyimbo za ujana wake. Sina neno na jambo hilo. Muziki wa zamani una haki ya kupigwa na waliouunda, na waliouunda wana haki ya kula matunda yake. Ninachokiogopa ni kurudi jukwaani kabla ya kukaa kikao, na sijui kundi lililokionyesha hicho wazi kuliko Fugees, kwa kuwa wao walirudi mara tatu na mara zote tatu wakaanguka penye ufa uleule.

Walianzia New Jersey, vijana wadogo. Lauryn na Pras walikuwa wanafunzi wa sekondari. Wyclef, aliyezaliwa Haiti, alikuwa mkubwa kwao na tayari alikuwa fundi wa gitaa. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1994 haikuuza. Ya pili waliifanyia kazi katika studio yao ya nyumbani, katika chumba cha chini ya ardhi, wakijaribu mambo bila mtu wa kampuni kuwasimamia begani, na ilipotoka Februari 1996 ilibadili kila kitu. The Score ilishika namba moja Marekani na kuuza mamilioni ya nakala duniani. Wimbo wa Roberta Flack waliouimba upya, Killing Me Softly, ulipigwa Nairobi na Dar es Salaam mpaka watoto wasiojua Kiingereza wakaushika kwa sauti tu. Mwaka uliofuata wakachukua Grammy mbili.

Lakini tazama jinsi walivyofanya kazi. Katika Ready or Not, mojawapo ya nyimbo zao kubwa, walichukua kipande cha wimbo wa Enya, mwimbaji wa Ireland, bila kumwomba ruhusa. Enya alikaribia kwenda mahakamani. Pande mbili zikaelewana nje, na mambo yakaisha. Ni jambo dogo katika historia ya kundi, na vijana wengi wa hip hop enzi zile walifanya hivyo. Mimi naliona ni alama. Watu waliokuwa makini kupita kiasi na sauti, na wasiokuwa makini na nani ana haki gani juu ya sauti hiyo, walianza kudaiwa mapema.

Mafanikio yakaleta yale ambayo huletwa na mafanikio. Kati ya Wyclef na Lauryn kulikuwa na mapenzi, jambo ambalo Wyclef mwenyewe alilieleza katika kitabu cha maisha yake mwaka 2012, na Wyclef alikuwa mume wa mtu. Mwaka 1997 Wyclef akatoa albamu yake mwenyewe, The Carnival. Mwaka 1998 Pras akapata wimbo wake mkubwa, Ghetto Supastar, na Agosti mwaka huohuo Lauryn akaachia The Miseducation of Lauryn Hill, albamu iliyomfanya mwanamke wa kwanza kushinda Grammy tano kwa usiku mmoja. Hapakuwa na ziara ya kuaga. Albamu ya tatu ya Fugees haikutoka wakati ule na haijatoka mpaka leo. Watu watatu waliokuwa wakigawana kipaza sauti kimoja kila mmoja akashika njia yake, wakayaacha mezani mambo mazito: mapenzi yaliyovunjika, mgawanyo wa sifa, mgawanyo wa fedha, na jina ambalo hakuna aliyejua ni la nani.

Hata albamu ile tukufu ya Lauryn ilikumbwa na yaleyale. Kabla mwaka 1998 haujaisha, wanamuziki wanne waliofanya naye kazi walimfungulia kesi wakidai hawakutajwa ipasavyo kama watunzi na maprodyuza wa nyimbo alizowekewa yeye jina. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2001. Nani alitunga nini ndani ya studio usiku wa manane, wakati mmoja anapiga kinanda na mwingine anaimba juu yake, ni swali gumu kwelikweli, na simlaumu mtu kwa ugumu wake. Ila swali hilo lina wakati wake mwepesi, nao ni asubuhi ya siku inayofuata, kabla wimbo haujatoka, wakati wote bado wanapendana.

Kurudi kwa kwanza kulitokea karibu kwa bahati. Septemba 2004 mchekeshaji Dave Chappelle aliandaa sherehe ya mtaani huko Brooklyn kwa ajili ya filamu. Lauryn alikuwa aimbe nyimbo zake, lakini kampuni iliyozimiliki haikutoa ruhusa zitumike katika filamu, basi akaja na wenzake, wakaimba za Fugees. Hapo penyewe pana funzo zima: makaratasi yaliyomfunga mmoja ndiyo yaliyowaunganisha watatu. Waliotazama wakalia machozi ya furaha, na furaha ile ikageuka mpango wa biashara kwa haraka ya kutisha. Juni 2005 walifungua tuzo za BET. Ukatoka wimbo mpya, Take It Easy, ambao haukufika mbali. Mwishoni mwa 2005 wakazunguka Ulaya. Albamu ikasubiriwa, na mwaka 2006 yote yakavunjika. Baadaye Pras alisema hadharani, kwa maneno makali, kwamba hatarajii kufanya kazi tena na Lauryn.

Wengi walilieleza anguko lile kwa tabia za watu. Lauryn anachelewa, Wyclef anataka kuongoza, Pras anajiona amesahaulika. Inawezekana kila moja lina ukweli wake, na kuhusu kuchelewa mashabiki wa nchi nyingi ni mashahidi. Lakini tabia hizo zilikuwapo mwaka 1996, na The Score ilikamilika. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1996 walikuwa vijana wasio na cha kugawana, na mwaka 2005 walikuwa watu wazima wenye mali ya pamoja isiyogawanywa. Jina la kundi lililovunjika ni kama shamba la urithi ambalo ndugu hawajakaa kuligawa. Kila mmoja akiwa mbali, wanasalimiana vizuri kwenye simu na kuchangiana misiba. Siku mnunuzi anapofika na fedha mkononi, ndipo inapojulikana kwamba kila ndugu alikuwa na ramani yake ya shamba kichwani.

Bendi zetu za dansi zililijua suala hili kwa njia nyingine, na nadhani hatujajifunza kwao vya kutosha. Bendi kubwa za Dar es Salaam zilimilikiwa na taasisi: vyama, majeshi, mashirika. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwanamuziki alihama leo na kurudi kesho, akatukanwa kwa nyimbo na kupokewa kwa nyimbo, lakini hakuna aliyebishana kwamba vyombo ni vya nani. Utaratibu ule ulikuwa na dhuluma zake. Watunzi wengi walizeeka bila mrabaha wa nyimbo ambazo taifa zima linaziimba. Walakini ulijibu swali moja mapema, na jibu lile lilizifanya bendi zidumu kuliko ugomvi wa waliomo.

Waliokosa jibu hilo walitafuta njia nyingine ya heshima, kuachana na kubaki wameachana. Simba Wanyika ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, ilikuwa ikitamba Nairobi miaka ya 1970 pale baadhi ya wanamuziki wake walipoondoka mwaka 1978 na kuunda Les Wanyika. Kutoka kwao tukapata Sina Makosa, na Simba Wanyika nayo haikufa, iliendelea kurekodi kwa miaka mingi. Ndugu wale wawili walifariki miaka ya 1990. Msikilizaji wa leo ana urithi wa pande zote mbili bila doa la kurudiana kwa lazima. Nalisema hili kwa mapromota wanaodhani kila kundi lililogawanyika linahitaji kuunganishwa. Mengine yalifanya vizuri kugawanyika.

Turudi kwa Fugees, maana kurudi kwa tatu ndiko kunakouma zaidi. Aprili 2023, mahakama ya Marekani ilimkuta Pras na hatia katika mashtaka 10, kwa kuingiza fedha za bilionea wa Malaysia katika kampeni ya urais ya mwaka 2012 na kufanya ushawishi kwa niaba ya nchi ya nje bila kujisajili. Miezi michache baadaye wakatangaza ziara. Lakini angalia ilikuwa ziara ya nini: ilikuwa ya kuadhimisha miaka 25 ya albamu ya Lauryn peke yake, ile ya 1998, na Fugees wakiwekwa ndani yake. Kundi lilirudi likiwa mgeni katika sherehe ya mmoja wao. Na mwingine alikuja akiwa na gharama za mawakili shingoni, hana nafasi ya kukataa. Mtu asiyeweza kusema hapana, hata akisema ndiyo, ndiyo yake haina uzito wa makubaliano. Kupatana na mtu wa namna hiyo ndilo kosa ninalotaka kijana mwenye kundi alishike, kwa sababu siku zile lilionekana kama msaada.

Novemba 2023 maonyesho yaliyobaki yakaahirishwa kwa sababu sauti ya Lauryn ilikuwa imeumia. Yakapangwa mapya kwa 2024. Agosti 2024, siku chache tu kabla ya onyesho la kwanza, sehemu ya Marekani ikafutwa. Lauryn alisema vichwa vya habari vya kushabikia ugomvi viliharibu mauzo ya tiketi. Oktoba mwaka huohuo Pras akafungua kesi dhidi yake mjini New York.

Madai ya kesi ile yanafaa kusomwa na kila kundi, yawe ya kweli au yasiwe. Pras alidai kwamba Lauryn alichukua kwanza asilimia 40 ya malipo ya ziara, kisha asilimia 60 iliyobaki ikagawanywa kwa watatu. Piga hesabu: kwa mpango huo mmoja anaondoka na 60, na wenzake wawili 20 kila mtu. Lauryn alikanusha, akaiita kesi hiyo isiyo na msingi, na akaeleza kwamba Pras alishapewa malipo ya awali makubwa kumsaidia katika kesi yake ya jinai. Sitoi hukumu kati yao. Inawezekana kabisa kwamba aliyebeba ziara nzima kwa jina na albamu yake anastahili fungu kubwa. Katika biashara ya muziki hilo si jambo geni. Kinachonisikitisha ni kwamba watu waliofahamiana tangu ujanani, waliokwisha kuvunjika mara mbili mbele ya dunia nzima, walitembea miji na miji wakiimba pamoja, na walipoulizwa tulikubaliana nini, majibu yakawa mawili.

Novemba 2025 Pras alihukumiwa kifungo cha miaka 14 katika ile kesi ya jinai.

Anayelipia yote haya ni mwenye tiketi. Tiketi ikifutwa fedha yake hurudi, lakini nauli ya basi hairudi, chumba cha hoteli kilicholipiwa hakirudi, na siku ya likizo iliyoombwa kazini hairudi. Shabiki hakuwapo kwenye ugomvi, hakuwahi kuambiwa kwamba upo, na bado ndiye anayebeba sehemu ya gharama. Kwa hiyo kundi linapobandika bango la kurudi kabla halijaandika nani anamiliki jina, nani anapata kiasi gani, nani ana neno la mwisho mazoezini na itakuwaje mmoja akiugua, linauza kitu ambacho bado halina. Nalisema kwa upendo kwa makundi yetu, na nalisema hasa kwa mapromota, kwa kuwa wao ndio wanaoshika fedha kwanza na ndio wenye uwezo wa kudai karatasi ile iwepo kabla ya kutoa malipo ya awali.

Maana kurudi vizuri kunawezekana, na mfano wake uko Dakar. Orchestra Baobab ilianza mwaka 1970 katika klabu iliyobeba jina hilo, ikichanganya rumba ya Kuba na nyimbo za Wawolof, Wamandinka na watu wa Casamance. Waimbaji walikuwa wengi, na hakuna jina la mtu lililotangulizwa mbele ya jina la bendi. Katika miaka ya 1980 muziki wa mbalax wa Youssou N'Dour ukaishika Senegal, Baobab wakaonekana wazee, na bendi ikasimama. Mpiga gitaa wake mkuu, Barthélemy Attisso, Mtogo aliyefika Dakar kusomea sheria na kupiga muziki usiku ili ajisomeshe, alirudi Lomé akawa wakili. Gitaa akaliweka kando kwa zaidi ya miaka 10.

Mwaka 2001 kampuni ya World Circuit ya London ilitoa upya rekodi zao za mwaka 1982, Pirates Choice, na wito wa kurudi ukatolewa. Attisso ilibidi ajifunze upya. Fikiria mtu mzima, wakili mwenye ofisi na wateja, anakaa jioni na gitaa akitafuta vidole vyake vya zamani. Hakurudi kwa sababu alikuwa na deni. Alikuwa na kazi yake, na angeweza kukataa. Ndiyo sababu kukubali kwake kulikuwa na maana. Mei mwaka huohuo walipiga katika ukumbi wa Barbican, London, na mwaka 2002 wakatoa albamu mpya, Specialist in All Styles. Mmoja wa waliosimamia utengenezaji wake alikuwa Youssou N'Dour mwenyewe, yule ambaye muziki wake ndio uliowasukuma nje ya soko.

Hawakurudi kwa usiku mmoja. Walitoa Made in Dakar mwaka 2007, wakazunguka dunia, na mwaka 2017 wakatoa albamu ya kumuenzi mwimbaji wao Ndiouga Dieng, aliyefariki mwaka uliotangulia. Attisso hakuwamo katika albamu hiyo. Walimwingiza kijana mpiga kora, Abdoulaye Cissoko, na sauti ya bendi ikasogea upande mwingine. Na kwenye safu ya waimbaji akasimama Alpha, mtoto wa marehemu Ndiouga.